Spina wa kriketi, mzawa au wa kuja: kamati ingekuwa yako ungemwita nani?

Bola_Mkongwe: Wakuu, tuliweke soka pembeni kidogo. Kwenye kriketi nafasi ya spina, yaani mrushaji anayeuzungusha mpira upinde ukidunda, ni moja: unamchukua aliyezaliwa nchini au aliyehamia? Naanza na Uganda, Kombe la Dunia la T20 2024. Frank Nsubuga, mzawa, umri miaka 43: dhidi ya Papua New Guinea karusha ova 4 (mipira sita kila moja), katoa mikimbio 4 tu (pointi za wapigaji) na wiketi 2 juu yake (wapigaji aliowatoa). Wa pili ni Alpesh Ramjani, mzaliwa wa Mumbai, anayerusha kwa mkono wa kushoto. Mimi ni mzawa kwanza, huyo mwingine asubiri.

MwanaKisauni: Mkuu, hiyo "nafasi moja" umejitungia. Siku hiyo walicheza wote wawili, na Ramjani naye alipata zake 2. Papua New Guinea wakatolewa wote kwa mikimbio 77. Nsubuga ni ofu-spini, mpira unamwingia mpigaji wa mkono wa kulia. Wa Ramjani unamkimbia. Nahodha yeyote anawataka wote. Na kanuni ya ICC, baraza la kriketi duniani, haina fumbo: uwe umezaliwa pale, au una pasipoti yao, au umeishi pale miaka 3. Ukitimiza moja, basi.

Bola_Mkongwe: Karatasi sikatai. Nauliza moyo uko wapi.

Zawadi_K: Moyo unaupima kwa mizani gani? Spina Imran Tahir ni wa Lahore, alichezea vijana wa Pakistan, kisha Afrika Kusini. Wiketi moja tu, anazunguka uwanja mzima mikono juu mpaka wenzake wanachoka kumfukuza. Adelaide 2012 alichapwa vibaya: ova 37, mikimbio 260, wiketi 0. Angekuwa mzaliwa wa Pretoria tungesema siku haikuwa yake, yakaisha. Huyohuyo 2016 akawa Msauzi wa kwanza kuchukua wiketi 7 kwenye ODI moja (mechi ya siku moja), dhidi ya West Indies.

Bola_Mkongwe: Haya, Tahir nampitisha. Ajaz Patel, spina wa New Zealand, je? Kacheza dhidi ya nchi aliyozaliwa.

MwanaKisauni: Ndiyo, na Desemba 2021 akachukua wiketi zote 10 za India kwenye zamu moja ya kupiga, hapohapo Mumbai alikozaliwa na kuhama akiwa na miaka 8. Kabla yake walioweza hilo kwenye Testi, mechi za siku tano, ni Laker wa England na Kumble wa India tu. Unataka uzalendo gani tena, atapike damu? Linaloniuma mimi ni jingine: Testi zilizofuata, nyumbani dhidi ya Bangladesh, New Zealand hawakumwita kabisa! Pichi zao, pale mpira unapodundia, zina nyasi, wanategemea bola (warushaji) wa kasi. Kamati iliangalia ardhi, cheti cha kuzaliwa haikukigusa.

Babu_wa_Ova: Vijana, mmemsahau wa kwetu. Dipak Patel, mzaliwa wa Nairobi, akapitia klabu ya Worcestershire ya Uingereza, akaishia New Zealand. Kombe la Dunia 1992 nahodha Martin Crowe alimkabidhi mpira mpya, yeye spina, akafungua nao mechi! Wapigaji waliozoea kuanza na mpira wa kasi wakajikuta wanangoja mpira usiofika. Hapo sikusikia mtu analalamika kwamba Mkenya kachukua nafasi ya watu.

Halafu spina John Traicos. Kazaliwa Misri, wazazi Wagiriki, akacheza Testi 3 za Afrika Kusini mwaka 1970. Afrika Kusini ikafungiwa. Mwaka 1992, miaka 45 kichwani, akaichezea Zimbabwe Testi yao ya kwanza, akamtoa Tendulkar, mpigaji nyota wa India, kwa 0 na kumdaka mwenyewe. Huyo mtamwandika daftari lipi?

Zawadi_K: 😂 Babu shikamoo. Bola_Mkongwe, na Aasif Karim umemweka fungu gani?

Bola_Mkongwe: Si familia yao ilitoka India?

MwanaKisauni: Jamani! Karim ni mtoto wa Mombasa. Kenya ameiwakilisha mpaka kwenye tenisi, Davis Cup. Durban 2003 dhidi ya Australia: ova 8.2 (nane na mipira miwili), sita hazikutoa kitu, mikimbio 7, wiketi 3, nahodha wao Ponting akiwemo. Kumbe "mzawa" wako unasomwa kwenye jina.

Babu_wa_Ova: Marahaba Zawadi. Na wewe Bola, acha kuruka, taja kikosi. Pichi ya Chennai, India, siku ya nne ya Testi, maspina wawili.

Bola_Mkongwe: Karim na Ajaz. Tahir simweki, Testi hazikuwahi kumpenda.

Zawadi_K: Wote wawili wa mkono wa kushoto? Kamati imevunjwa.