Mrejesho: timu ya sekondari kuwa na makala yake Wikipedia

Niliuliza kama timu ya futiboli ya Kimarekani ya shule ya sekondari inastahili makala yake. Mara nyingi hapana; sehemu ndani ya makala ya shule inatosha. Ripoti za mechi za Ijumaa kwenye gazeti la mji hazitoshi, wala tovuti ya shule. Vinatakiwa vyanzo huru vinavyoichambua timu yenyewe kwa kina. Timu ya shule ya De La Salle ya Concord, California, hiyo inapita bila ubishi: ilishinda mechi 151 mfululizo kuanzia 1992, chini ya kocha Bob Ladouceur, hadi Bellevue ya jimbo la Washington ilipoifunga 39–20 Septemba 2004. Rasimu yangu kuhusu timu niliyoiulizia nimeiunganisha na makala ya shule yake. Majedwali ya matokeo nimeyaondoa, zimebaki aya mbili zenye vyanzo.