Dume wa DGAT1 AA au AK kwa chotara wa Sahiwal?

mfugaji_njombe: Habari wakuu. Mhimilishaji ameniletea orodha ya madume wa Friesian. Mmoja ameandikwa DGAT1 AA, kapa-kaseini BB. Mwingine DGAT1 AK, kapa-kaseini AE. Ng'ombe wangu ni chotara wa kizazi cha kwanza, Friesian kwa Sahiwal. Maziwa mengi nauza kwa lita, yanayobaki natengeneza jibini. Herufi hizo zina uzito gani? Na je, nipime ng'ombe wangu pia?

kiwele_bora: DGAT1 ni jeni iliyo kwenye kromosomu ya 14. Herufi mbili ni nakala zake mbili, moja kutoka kwa kila mzazi. Hutoa kimeng'enya kinachokamilisha utengenezaji wa mafuta ya maziwa. Aina ya K hupandisha asilimia ya mafuta na kupunguza lita. A ni kinyume chake. Sahiwal, kama ng'ombe wengi wa nundu, karibu wote ni KK, kwa hiyo kila chotara wako amebeba angalau K moja. Ukimpandisha na AA, ndama watakuwa AA au AK. Ukitumia AK kwa mama wa AK, robo watatoka KK. Kwa kuwa unalipwa kwa lita, chukua AA. Kiwanda kingelipa kwa mafuta, ningekushauri tofauti.

fundi_jibini: Kapa-kaseini, protini ya maziwa inayosaidia kuganda, nayo isikupite. Maziwa ya BB huganda upesi kwa renneti (kimeng'enya cha kugandishia jibini), bonge hushikana vizuri na jibini huongezeka. E ndiyo ya kukimbia: bonge hubaki laini na kuvunjika unapolikata. Ila ukichanganya maziwa yote tanki moja, ng'ombe wawili wa BB hawatabadilisha kitu.

uhimilishaji_tz: Msinunue mbegu kwa jeni mbili tu! DGAT1 ina nguvu kubwa kwenye asilimia ya mafuta, lakini lita huamuliwa na maelfu ya sehemu za vinasaba, kila moja ikichangia kidogo. Angalia kwanza makadirio ya thamani ya uzalishaji ya dume, yaani ubora anaotarajiwa kurithisha binti zake, na kiwango cha uhakika wa makadirio hayo.

Kupima ng'ombe kuna maana kama una kumbukumbu: pima maziwa ya asubuhi na jioni kila mwezi hadi siku 305 tangu kuzaa. Sampuli ni nywele kama 30 za mkiani, mkia ukiwa mkavu. Shika karibu na ngozi, vuta kwa nguvu mara moja; usikate kwa mkasi, vinasaba viko kwenye vishina. Weka kwenye bahasha ya karatasi, ng'ombe mmoja bahasha moja. Mfuko wa nailoni hutunza unyevu, ukungu huota. Jike aliyezaliwa pacha na dume usimtoe damu kwa kipimo hiki, maana damu yake huwa na chembe za pacha wake.