Tupeane uzoefu: mwanamke aliyewekewa mikono (aliyewekwa wakfu kuwa mtumishi wa kanisa) mnamwitaje?

Mwanzisha mada
Bwana asifiwe, wapendwa. Neno "mchungaji" halibagui mume wala mke, lakini likitanguliwa na "mama" wengi husikia mke wa mchungaji. Mimi nimebarikiwa kuwa mchungaji, na mume wangu ni fundi umeme. Juma la kwanza kazini, mgeni alinikuta ofisini nimevaa kola ya kichungaji, akanisalimu kwa adabu, akaketi, kisha akauliza mchungaji atarudi saa ngapi. Nilimjibu kwamba yupo. Akaendelea kusubiri. Naomba wenzangu mweleze mlivyoitwa na jinsi jina hilo lilivyoathiri utumishi wenu.

Mchangiaji wa pili
Mimi ndiye huyo mama mchungaji wa ndoa. Sikusomea theolojia wala sikuwekewa mikono, ila tangu harusi nimekabidhiwa kikundi cha wanawake, wagonjwa, wafiwa na funguo za stoo ya kanisa. Mwenzangu mmoja aliitwa hivyo kwa miaka mingi. Alipofiwa na mumewe, cheo kiliondoka pamoja na nyumba.

Mchangiaji wa tatu
Mimi ni shemasi, ingawa matangazo ya ibada yaliniandika "mhudumu" huku mashemasi wanaume wakiandikwa kwa cheo chao. Nilipouliza, nilionyeshwa Warumi 16:1, ambapo Biblia ya Kiswahili ya Union Version inamwita dada Fibi "mhudumu". Nikafungua Wafilipi 1:1, penye "mashemasi", nikawaeleza kwamba kwa Kigiriki neno ni lilelile, *diakonos*. Sidai kwamba tafsiri imekosea, kwa sababu hata Paulo anajiita mhudumu kwa neno hilohilo katika Waefeso 3:7. Nilichodai ni kwamba sote tuandikwe namna moja. Tangazo lilirekebishwa baada ya vikao viwili (cha kwanza kilikwisha kwa maombi tu).

Mchangiaji wa nne
Kwetu Waanglikana, Florence Li Tim-Oi alipewa ukasisi mwaka 1944, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Ushirika wetu wa Kianglikana duniani. Malalamiko yalipozidi, mwaka 1946 alirudisha kibali cha kuhudumu, lakini hakulikana daraja lenyewe la ukasisi. Nilimkumbuka nilipoombwa niandikwe "dada mhubiri" kwenye ratiba ili waumini fulani wasikwazike. Nilivumilia mwezi mmoja. Jumapili zote nne niliadhimisha Ushirika Mtakatifu, na hao waliokwazika walipanga foleni wakapokea mkate mikononi mwangu.