Hen Domen au Wigmore? Nina Jumamosi moja tu

Msafiri_Bham: Wakuu, nataka kwenda mpakani mwa Uingereza na Wales kuona ngome za udongo za Wanormani, wale waliotoka Ufaransa wakaiteka Uingereza 1066. Nimebakiwa na mbili: Hen Domen, karibu na Montgomery, na Wigmore kule Herefordshire. Niende ipi?

MzeeHandaki: Una gari? Unakwenda na watoto? Mwezi gani? Sema kwanza, mkuu.

BintiSaidi: Hen Domen! Roger wa Montgomery aliijenga miaka ya 1070. Juu utaona kilima, mahandaki na majani tu, lakini mwanaakiolojia Philip Barker alianza kuchimba pale 1960 akaendelea karibu miaka 30. Ndipo ikajulikana kuwa ua ule mdogo kando ya kilima ulijaa majengo ya mbao, yakioza yanajengwa mengine palepale. Ni ardhi ya mtu, omba ruhusa.

Kaka_Ludlow: Wigmore. Aliianzisha bwana wa Kinormani, William FitzOsbern, ikawa ya ukoo wa Mortimer, na kuta za mawe bado zipo.

BintiSaidi: Kaka, ameuliza udongo, unampa mawe.

MzeeHandaki: Wigmore nilikwenda Novemba, mvua imenyesha usiku kucha, nami nimevaa raba za mjini. Kupanda nilipanda. Kushuka nikateleza, nikaserereka na matope mpaka chini, kifundo kikateguka. Simu haishiki mtandao. Nilikaa karibu saa nzima hadi akapita bwana mmoja na mbwa wake, akanikongoja mpaka barabarani. Lakini nikiwa pale chini nikitazama juu ndipo nilipoelewa kazi ya ule mteremko. Mtu mwenye ngao na mkuki angeupandaje huku anarushiwa mishale?

Mswahili_Asilia: Samahani, kwa nini mnaita ngome? Kilima na ua wenye uzio wa magogo ni boma. Neno tunalo.

Kaka_Ludlow: Boma kwetu Tanzania ni ofisi ya mkuu wa wilaya, jengo la mawe la Mjerumani!

Mswahili_Asilia: Hiyo maana imekuja baadaye. Boma la ng'ombe ni la nini?

Msafiri_Bham: Asanteni. Sina gari. Nitapanda treni hadi Welshpool, pamoja na binti yangu wa miaka 6.

BintiSaidi: Mtoto ungemtaja mapema! Welshpool yenyewe ina kilima cha ngome ya udongo, Domen Castell, karibu na stesheni.

Msafiri_Bham: Kwa hiyo sasa ni tatu? Mzee, kile kifundo kilichukua muda gani kupona?