Naomba ushauri: tumsajili mpigaji mkongwe mwenye majeraha?

Wakuu, habari zenu. Niko Minnesota, Marekani, nasaidia kusimamia timu ya besiboli ya ridhaa. Kuna mkongwe anataka kujiunga nasi. Ameshavuka miaka 40, lakini nguvu bado anazo: akiupata mpira sawasawa, unavuka uzio. Tatizo ni goti na msuli wa nyuma ya paja. Msimu uliopita alikaa benchi zaidi ya alivyocheza.

Wenzangu wananitajia Frank Thomas, mpigaji wa zamani wa ligi kuu ya besiboli ya Marekani. Mwaka 2006 timu ya Oakland ilimchukua akiwa na miaka 37, katoka kuuguza kifundo cha mguu, kwa mshahara wa msingi wa dola 500,000 tu. Akapiga homurani (mipigo inayovuka uzio) 39 na timu ikaongoza kundi lake. Ila yeye alitumika kama mpigaji tu, hakukimbizana na mipira uwanjani, na naamini hilo ndilo lililomwokoa. Ken Griffey Jr., mkongwe mwingine wa ligi hiyo, naye alirudi timu yake ya zamani ya Seattle 2009, akapiga homurani 19. Mwaka uliofuata akastaafu katikati ya msimu bila hata moja.

Kwetu nafasi ya mpigaji asiyelinda, yaani anayepiga tu kama Thomas, ni moja, na kuna kijana wa miaka 19 anayeihitaji ili akue. Kumnyima kunaniuma sana.

Mliowahi kuongoza timu, mngefanyaje? Nimchukue mzee kwa mechi chache chache wakigawana nafasi, au nimwombe awe kocha wa wapigaji? Na nikimwambia hivyo, nianzeje bila kumvunjia heshima?