Sabuni ya mawese, slesi, NP-9 au AEO-9: ipi inafaa batiki ya Kigoma?

MamaBatiki_Ujiji
Wakuu, naomba tulinganishe kwa utulivu. Kikundi chetu hapa Ujiji tunatengeneza batiki za pamba kwa rangi za vati, zile zisizoyeyuka majini mpaka zitiwe kostiki (magadi makali) na haidrosalfaiti (unga unaoondoa oksijeni), na maji yetu ni ya ziwani. Kulowesha kitambaa na kulainisha unga wa rangi tuna njia nne: sabuni ya mawese, slesi (SLES, ile ya kutengenezea sabuni za maji), NP-9 (ethoksileti ya nonifenoli) na AEO-9 (ethoksileti ya alkoholi). Ya mawese inapatikana kila nyumba, lakini kitambaa kinatoka na utando mweupe na rangi inashika kwa mabaka. Slesi ina povu jingi. Hizo mbili za mwisho muuzaji anasema tu "hazina chaji", yaani chaji ya umeme. Nataka kujua tofauti kabla hatujachanga pesa ya ndoo nzima.

RangiGungu
Shikamoo mama. Nimefanya kazi chumba cha rangi kiwandani Dar, sasa niko Gungu. Huo utando mweupe unaeleza mengi. Maji ya Tanganyika pH yake (kipimo cha asidi na alkali) ni kama 9, yaani alkali, na yana magnesi nyingi kuliko kalsiamu. Sabuni ya mawese ina chaji hasi, ikikutana na magnesi inaganda, na mgando unatua kwenye kitambaa. Rangi haipiti hapo. Slesi nayo ina chaji hasi ila inavumilia maji magumu. Ubaya wake kwa vati ni lile povu: linaingiza hewa, na hewa inaimaliza haidrosalfaiti kabla haijayeyusha rangi yote. Mnaishia kuongeza haidro kila mara.

NP-9 na AEO-9 hazina chaji, kwa hiyo magnesi haina cha kushika, na povu lao ni dogo kuliko la slesi. Kwa vati nachagua aina hii bila kusita. Weka unga wa rangi kwenye kikombe, tia matone machache, koroga na maji ya uvuguvugu mpaka uwe uji usio na madonge, ndipo umimine kwenye beseni. Kulowesha kitambaa, nusu gramu mpaka gramu moja kwa lita inatosha. Msizidishe, tafadhali. Zinashikana na rangi ya vati na kuichelewesha kuingia kwenye pamba. Zikiwa kidogo rangi inatua sawasawa. Zikizidi, rangi inabaki kwenye beseni na kitambaa kinatoka kimepauka.

Nta_Isevya
Nipo Tabora, nta ya nyuki ndiyo kazi yangu. Mkuu kasema kweli, ila kwa batiki ya mistari myembamba mimi sitii kitu hicho kwenye beseni la rangi. Kinachofanya maji yapenye haraka kinayapenyeza pia kwenye nyufa za nta, mstari unatawanyika. Nakitia kwenye maji ya kwanza, kutoa wanga wa kiwandani kwenye kitambaa kipya. Nasuuza sana, naanika, ndipo nachora. Anayependa nyufa nyingi atafanya kinyume, ni haki yake.

Swali kwako: kutoa nta kwenye maji yanayochemka, mbona NP-9 hainisaidii?

RangiGungu
Kwa sababu ya moto. Hizi zisizo na chaji zinayeyuka vizuri kwenye maji baridi, lakini zikipata joto fulani zinajitenga na maji yanatibuka. NP-9 inatibuka karibu na nyuzijoto 54. AEO-9 inavumilia zaidi, inapita 70, lakini haifiki kwenye mchemko. Beseni la rangi halina shida, maana mnatia rangi kwa maji ya vuguvugu ili nta isiyeyuke. Kwenye sufuria ya kutoa nta changanya AEO-9 na slesi kidogo: ile chaji ya slesi inapandisha joto la kutibuka. Usijaze sufuria, povu litafurika.

Wanaotumia rangi za riaktivu (zinazojifunga na pamba yenyewe) waangalie pia chumvi. Ukimwaga chumvi ya Uvinza kwa wingi kwenye beseni, joto la kutibuka linashuka.

Mwalo_Kibirizi
Mimi ni mvuvi na nina neno. NP-9 ikioza majini inaacha nonifenoli, ambayo inavuruga homoni za samaki. Umoja wa Ulaya uliibana tangu 2005, na tangu Februari 2021 nguo zinazofuliwa haziruhusiwi kuuzwa huko zikiwa nayo kufikia asilimia 0.01 ya uzito. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 na mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga upande wa Kongo. Kinachoingia kinakaa. Dagaa na migebuka ndio riziki yetu. AEO-9 yenye mnyororo wa kaboni ulionyooka inaozeshwa vizuri na bakteria. Naomba msilinganishe bei peke yake.

Kijana_Mwanga
Na kitambaa cha poliesta je?

RangiGungu
Hiyo ni kazi nyingine. Rangi za dispersi, zile za poliesta, zinataka nyuzijoto 130 kwenye mtungi wa presha, pH 4.5 hadi 5.5. Isiyo na chaji ikiwa peke yake itatibuka na rangi itaganda madoa. Viwandani msambazaji mkuu ni wenye chaji hasi, kama lignosalfoneti. Kwa sufuria ya nyumbani baki na pamba.

MamaBatiki_Ujiji
Mvuvi, umenigusa, NP-9 naiondoa. Lakini nitajuaje kwamba niliyouziwa ni AEO-9 kweli? Zote ni maji mazito, na muuzaji anapima kwenye chupa isiyo na lebo.

Nta_Isevya
Mama, gramu moja kwenye mililita 100 za maji safi, tumbukiza kipimajoto, pasha taratibu ukikoroga. Angalia yanapoanza kutibuka. Yakitibuka kwenye hamsini na kitu, hiyo siyo AEO-9, mrudishie.