Familia ya Kaloleni 🏠

Idd: Shikamooni wakubwa. Yule dalali karudi tena leo. Mteja wake anaitaka nyumba ya Bibi, anaivunja, anapandisha ghorofa la lodge. Anasema AFCON 2027 wageni watafurika Arusha.

Shangazi Zuhura: Marahaba. Mwambie mirathi haijafungwa, na msimamizi ni Baba Mkubwa. Hiyo nyumba haiuzwi kwa maneno ya barazani.

Salma: 😂😂

Neema: Kwani nyumba za zamani hivyo hazilindwi na serikali?

Baba Mdogo: Mwanangu, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya 1863. La baadaye mpaka waziri alitangaze. Mwaka 1863 mji wa Arusha ulikuwa wapi? Hata Boma la Wajerumani ni la 1900.

Idd: Mbona jengo la Azimio la Arusha lipo mpaka leo?

Shangazi Zuhura: Lile limeokolewa na mkutano. Lilikuwa ukumbi wa jamii tu. Januari 1967 Halmashauri Kuu ya TANU ikakaa humo, tarehe 26 mpaka 29, Februari 5 Azimio likatangazwa, baadaye pakawa makumbusho. Sasa huku kwetu hakuna aliyetangaza kitu 😄 Ila mjue mtaa ulivyojaa. Reli ilifika Arusha 1929, watu wakaja na kazi: Wapare, Warangi, Wachaga, watu wa pwani. Nyumba yetu vyumba sita, korido katikati, jiko na choo uani. Kila chumba na kabila lake, na wote tulipika uani. Mtoto akilia usiku, hujui nani ataamka kwanza. Baba alikuwa anadai kodi kwa aibu, kama yeye ndiye anayedaiwa.

Baba Mdogo: Kweli kabisa. Mama ndiye alikuwa anakusanya.

Salma: Mimi nipige hesabu. Tukiuza, tunagawana mara moja, imeisha. Tukikarabati: bati jipya, lipu, choo cha ndani, vyumba viwili vya mbele tunafungua fremu za biashara, vinne vinabaki vya kupanga. Pesa inaingia kila mwezi, na kiwanja bado chetu.

Idd: Kupanga? Tuweke watalii tu, wanalipa dola.

Shangazi Zuhura: Na Mama Eliza je? Yupo chumba cha tatu tangu Neema hajazaliwa. Vitumbua vyake asubuhi mtaa mzima unanunua. Mnamtoa aende Muriet huko pembezoni, halafu mnawaambia wageni "karibuni mtaa wa kale"?

Neema: Fremu moja si tumpe yeye?

Salma: Kwa kodi gani?

Neema: Ya kuelewana. Kwanza barazani hapo analipa nini sasa hivi?

Shangazi Zuhura: Kitumbua kimoja kila nikipita 😂

Baba Mdogo: Sawa. Ila baraza lisivunjwe, na mlango wa mbao ubaki. Bati la msauzi sitaki.

Idd: Mbona zuri, Baba Mdogo?

Baba Mdogo: Zuri kwa majumba mapya ya Njiro.

Salma: Nimeongea na fundi, Jumamosi saa tatu anakuja kuangalia kuta. Upande wa choo ni udongo uliopigwa saruji juu, atasema kama unabeba. Nani ana ufunguo wa uani?

Neema: Mama Eliza.

Idd: Dalali anapiga tena. Nimjibu nini?

Shangazi Zuhura: Mpe namba yangu.